Meseji ya Kitabu Kilichochelewa: Uchambuzi wa Kisa cha Siri za Msomaji katika Maktaba Moja ya Dodoma

Kisa hiki kilitokea katika maktaba moja iliyo wazi kwa umma jijini Dodoma. Nilikuwa mjumbe wa kikao kilichokichunguza, na ninakiandika kwa ridhaa ya msomaji aliyeumizwa nacho. Jina la maktaba, mwaka, kata anayoishi msomaji na baadhi ya mambo ya familia yake nimeyaondoa au kuyabadilisha. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi nimeviacha kama vilivyokuwa. Msomaji nitamwita Mama T., mumewe Baba T., na kijana aliyekuwa kaunta siku ile nitamwita karani.

## Mazingira ya maktaba

Tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, na ofisi za Serikali na wanafunzi wa vyuo kuongezeka, maktaba hii imekuwa ikipokea wasomaji wa kila namna. Wapo wanafunzi wanaotafuta meza tulivu, wapo watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam, na wapo watu wa vijiji vya pembezoni wanaokuja mjini kwa shughuli zao na kupitia maktabani kabla ya kupanda daladala ya kurudi. Kundi hili la mwisho ndilo linalohusika hapa. Wengi wao hawana simu ya peke yao wala intaneti nyumbani, na jambo wanalotaka kulijua kwa faragha hawana mahali pengine pa kulitafuta.

Kwa miaka mingi maktaba iliazimisha vitabu kwa kadi za karatasi, kwa utaratibu ambao wakutubi wanaujua kama mfumo wa Browne, kutokana na jina la mkutubi wa Marekani wa karne ya 19. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kila msomaji alikuwa na vimfuko vidogo vyenye jina lake. Kitabu kilipoazimwa, kadi yake iliingizwa ndani ya kimfuko cha msomaji, na vyote viwili vikapangwa kwenye trei kwa tarehe ya kurudisha. Kiliporudi, kadi ilirejea ndani ya kitabu na kimfuko kikarudi mkononi mwa mwenyewe, na kuanzia dakika hiyo hapakuwa na karatasi yoyote maktabani iliyosema nani alisoma nini. Sidhani kama kuna aliyeusifu mfumo huo kwa sababu hiyo. Ulisifiwa kwa wepesi wake. Lakini ulikuwa ukisahau kila siku, na kusahau huko kuliwalinda wasomaji bila mtu yeyote kulazimika kuwa mwangalifu.

Maktaba ilipohamia kwenye kompyuta ilichagua Koha, programu huria iliyoanza kutumika katika maktaba za New Zealand mwaka 2000, ambayo ni chaguo zuri na sina neno juu yake. Programu hiyo ina mipangilio inayoamua kama uhusiano kati ya msomaji na kitabu alichokwisha kukirudisha uhifadhiwe daima, uhifadhiwe kwa muda, au ufutwe mara kitabu kinaporudi. Wakati wa kuisimika hakuna aliyeigusa mipangilio hiyo, wala hakuna aliyeuliza. Matokeo yake ni kwamba kila kitabu kilichoazimwa kilibaki chini ya jina la aliyekiazima, na karani yeyote aliyeingia kwenye mfumo aliweza kuiona orodha yote kwa kubofya mara mbili.

Kompyuta za wasomaji zilikuwa na kasoro yake. Juu ya kaunta kulikuwa na kaunta buku ambamo kila mtumiaji aliandika jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha Taifa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Safu ya mwisho, iliyoitwa "Shughuli", ilijazwa na karani. Kwa kuwa daftari lilikuwa wazi mchana kutwa, aliyekuja kujiandikisha alisoma habari za waliomtangulia wakati akitafuta mstari wake.

## Kilichotokea

Mama T. alipojiunga alijaza fomu iliyomtaka aandike namba ya simu. Aliandika namba ya mumewe kwa sababu ndiyo simu pekee iliyokuwa nyumbani, na hakuna aliyemweleza namba hiyo ingetumika kwa kazi gani. Kwa muda wa miezi minne aliazima vitabu tisa, na vinne kati ya hivyo vilihusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mirathi na ardhi. Alitumia kompyuta mara tatu. Mara ya pili aliomba msaada wa kuutafuta uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ule uliokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Yeye na mumewe walikuwa na shamba la zabibu, na alikuwa ameupalilia na kuupogoa mzabibu ule kwa miaka mingi. Karani alimsaidia vizuri. Kisha katika safu ya "Shughuli" akaandika: talaka, mgawanyo wa mali.

Kitabu kimoja kilichelewa. Mfumo ulikuwa umepangwa kutuma meseji wenyewe usiku, ikiwa na jina la mwanachama, jina kamili la kitabu na idadi ya siku zilizopita. Jina la kitabu lilikuwa na neno talaka ndani yake. Meseji iliingia kwenye simu ya Baba T. saa tatu usiku.

Siku mbili baadaye Baba T. alifika maktabani. Nimesimuliwa mazungumzo yale na karani mwenyewe, ambaye hakuficha chochote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kulipa deni la mama watoto, yeye yuko shamba. Hebu niangalizie ana vitabu gani vyenu, nikavitafute nyumbani."

"Jina lake nani, mzee wangu?"

Alipotajiwa jina, karani aliifungua kumbukumbu ya Mama T., akaona namba ya simu inalingana na ya simu aliyoonyeshwa yenye meseji ile, na akaridhika kwamba aliye mbele yake ni mumewe kweli. Akaigeuza skrini ili mzee asome mwenyewe. Orodha ilikuwa na vitabu vyote tisa pamoja na tarehe zake, ikiwa ni pamoja na vile vilivyokwisha kurudishwa. Wakati karani akiandika risiti ya faini, Baba T. alilivuta kaunta buku lililokuwa karibu na mkono wake, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma. Alilipa, akashukuru, akaondoka. Hakuna sauti iliyopazwa, na jambo zima halikuchukua dakika kumi.

Katika wiki iliyofuata, karatasi za shamba zilihamishiwa nyumbani kwa ndugu wa Baba T., ng'ombe watatu waliuzwa, na Mama T. akakatazwa kwenda mjini. Alifika maktabani baada ya karibu mwezi mmoja, akiwa na msaidizi wa kisheria wa eneo lake. Hakuja kudai fidia. Aliuliza swali moja, nani mwingine anaweza kuyaona haya, na kati yetu hakuna aliyekuwa na jibu.

## Maamuzi na sababu zake

Kikao kilikuwa cha watu watano: msimamizi wa maktaba, mtaalamu wa TEHAMA, karani, mwanasheria aliyejitolea, na mimi. Jambo la kwanza lililojadiliwa lilikuwa adhabu. Mjumbe mmoja alipendekeza barua ya onyo kwa karani. Nilipinga, na mwishowe kikao kilikubali kwamba hapakuwa na kanuni aliyoivunja, kwa sababu maktaba haikuwa na kanuni. Kijana yule alifanya kile ambacho amekuwa akisifiwa kwacho tangu aanze kazi, yaani kumpokea mtu mzima kwa heshima na kumalizia shida yake bila kumzungusha. Kumwadhibu kungetupa sisi nafasi ya kuamini kwamba tatizo lilikuwa mtu mmoja.

Meseji zilisimamishwa siku hiyo hiyo. Ziliporejeshwa hazikuwa tena na jina la kitabu wala la mwanachama, zilimwomba tu mpokeaji awasiliane na maktaba. Tulibishana kama hata neno maktaba linatosha kumletea mtu matatizo nyumbani, na kwa Mama T. bila shaka lingetosha. Ndipo ikaamuliwa kwamba fomu ya kujiunga imuulize kila mtu kama anataka kukumbushwa kwa simu, simu hiyo ni ya nani, na kama hataki, basi atajitunzia tarehe mwenyewe.

Mjadala mrefu zaidi ulihusu kufuta historia ya uazimaji. Mtaalamu wa TEHAMA na msimamizi walikuwa na hoja za kweli: kitabu kikirudi kimechanwa kurasa, utamdai nani kama hujui aliyekuwa nacho? Na mkaguzi akiuliza idadi ya vitabu vilivyoazimwa mwaka huu, utamwonyesha nini? Tulipozichambua hoja hizo moja moja, tuligundua kwamba mkaguzi anahitaji hesabu na wala hahitaji majina, na kwamba kitabu kilichochanwa hujulikana siku kinaporudi ikiwa anayekipokea atakifungua na kukitazama. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba jina la msomaji libaki limefungamana na kitabu hadi kirudi, kikaguliwe na faini ilipwe, kisha baada ya siku 14 mfumo uliondoe jina hilo wenyewe kila usiku na kuacha hesabu peke yake. Msomaji anayependa kutunziwa orodha ya alivyosoma, na wapo, hasa wanafunzi wanaoandika tasnifu, anaweza kuomba hivyo kwa saini yake.

Kuhusu kaunta buku, mtaalamu wa TEHAMA alikumbusha kwamba Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinawataka wenye mikahawa ya intaneti kuwaandikisha watumiaji wao, na akahofu kwamba maktaba ikiacha kuandika itaonekana imekaidi. Mwanasheria alishauri kwamba, hata kama maktaba si mkahawa wa biashara, ni busara kuendelea kuandika jina na saa. Lakini safu ya "Shughuli" haikuwa na msingi wowote, na ikafutwa. Daftari la wazi liliondolewa. Sasa kila mtumiaji hujaza kikaratasi chake na kukitumbukiza kwenye kisanduku chenye kufuli, vikaratasi hufungiwa kabatini, na baada ya miezi 12 huchomwa. Kompyuta zenyewe zilipangwa zijifute kila zinapozimwa na kuwashwa.

Mwisho iliandikwa kanuni ya ukurasa mmoja juu ya maombi ya taarifa. Mume, mke, mzazi, mwajiri, mwalimu au kiongozi wa dini hapewi kumbukumbu ya mtu mwingine bila mwenyewe kuwepo au kuridhia kwa maandishi. Ombi la polisi halijibiwi kaunta. Hupelekwa kwa msimamizi, naye huomba amri ya maandishi, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kutoa amri ya kuwasilisha data kwa ajili ya upelelezi. Maktaba inayoomba karatasi hiyo haimzuii askari. Inamwomba apite kwenye njia ambayo sheria yenyewe imeiweka, kisha inatoa kilichotajwa kwenye amri na si zaidi.

## Matokeo

Mama T. hakurudi kuwa msomaji. Kitabu kilichochelewa kililetwa na msaidizi wa kisheria, kikiwa kimefungwa kwenye kanga. Shauri lake lilipita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha likaenda mahakamani, na alilazimika kutumia muda mwingi kuthibitisha kuwapo kwa mali ambayo miezi michache kabla ilikuwa ikionekana kwa macho ya kila jirani. Siwezi kusema maktaba ndiyo iliyosababisha kila kilichomkuta. Ninachoweza kusema ni kwamba mumewe aliijua nia yake kabla yeye hajawa tayari kuitamka, na aliijulia kwetu.

Miezi miwili baada ya kikao, mtaalamu wa TEHAMA alikuja na habari mbaya. Historia ilikuwa imefutwa pale inapoonekana kwenye skrini ya karani, lakini Koha ilikuwa imewekwa iandike pia kumbukumbu ya kila tukio la kuazima na kurudisha mahali pengine, pamoja na namba ya mwanachama. Jedwali la takwimu nalo lilikuwa na namba hizo. Zaidi ya hapo kulikuwa na nakala rudufu kwenye diski mbili za nje, moja ndani ya droo isiyo na kufuli. Kwa maneno mengine, kwa miezi miwili tulikuwa tukiwaambia wasomaji kwamba tumefuta, na haikuwa kweli. Kumbukumbu hizo zilisafishwa, diski zikafutwa mbele ya watu watatu, na nakala rudufu mpya zikawekewa ukomo wa siku 30.

Karani bado yuko kazini, naye ndiye anayewafundisha wapya.

## Uchambuzi

Tukianza na sheria, kisa hiki hakikutokea mahali pasipo na sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na ibara ya 18 inampa haki ya kutafuta na kupokea habari. Ninaziona ibara hizi mbili kuwa zimeshikana, kwa kuwa haki ya kutafuta habari hupungua nguvu pale ambapo kila unachotafuta kinaandikwa mbele ya jina lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa azikusanye kwa lengo linalojulikana, achukue zinazohitajika tu, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Maktaba ni mkusanyaji kama ilivyo benki au hospitali. Namba ya kitambulisho cha Taifa kwa ajili ya kukaa kwenye kompyuta nusu saa haipiti kipimo hicho, wala haipiti orodha ya vitabu vilivyorudishwa zamani. Meseji nayo ilikuwa na lengo halali, kumkumbusha mdaiwa, lakini ilibeba mzigo ambao lengo hilo halikuuhitaji.

Maadili ya ukutubi yaliyasema haya mapema kuliko sheria. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliandika wajibu wa kutunza siri za wasomaji katika maadili yake ya mwaka 1939, na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilifanya hivyo katika maadili yake ya mwaka 2012. Lakini mengi yanayoandikwa nje juu ya suala hili huiangalia dola. Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha wakutubi wanne wa jimbo la Connecticut, Marekani, ambao mwaka 2005 walikataa agizo la FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, la kutoa kumbukumbu za kompyuta za wasomaji, wakaenda mahakamani. Ni kisa cha kuheshimiwa. Hata hivyo mkutubi wa Dodoma anayejiandaa kumkabili askari tu atakuwa amejiandaa kwa mgeni anayekuja mara moja kwa miaka mingi. Anayekuja kila wiki ni ndugu wa msomaji: mume, baba, shangazi, bosi, mwenye nyumba. Anakuja na salamu, anaitwa mzee au mama, na ombi lake lina sura ya wema.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha tukio. Katika malezi yetu kumkatalia mtu mzima usoni ni utovu wa adabu, na kanuni inayomtaka kijana wa miaka 23 aseme "hairuhusiwi" kwa mzee wa rika la baba yake haitafuatwa hata ikibandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Kilichofanya kazi ni maneno ambayo karani mwenyewe aliyapendekeza: "Mzee wangu, hapa kila mtu tunamtunzia ya kwake. Hata wewe ukiazima leo, mwanao akija kuniuliza sitamwambia." Maneno hayo hayamnyimi mzee heshima, yanampa sehemu yake ya ulinzi ule ule, na nimeshuhudia mara kadhaa watu waliofika wakiwa na hasira wakiyapokea kwa utulivu. Skrini nayo imegeuzwa na kuwekwa mahali ambapo aliye mbele ya kaunta hawezi kuiona. Jambo hilo dogo limesaidia kuliko mafunzo ya siku mbili.

Wapo waliosema kwenye kikao kwamba asiye na la kuficha haogopi. Niliwauliza ni nani katika jiji hili angependa jirani yake ajue kwamba ameazima kitabu cha magonjwa ya akili, ilhali sote tunajua jinsi jina la Mirembe, hospitali iliyowasaidia watu wengi, linavyotumiwa mitaani kama tusi. Mtu huyo hafichi kosa. Anatafuta kuelewa, pengine kwa ajili ya mtoto wake, na anahitaji muda wa kuelewa kabla watu hawajaanza kumwelewa wao.

Kushindwa kwetu kukubwa, kwa maoni yangu, hakukuwa kwenye mfumo wa kompyuta. Baba T. alifungua kurasa kadhaa za kaunta buku, na kurasa hizo zilikuwa na majina, namba za simu na shughuli za watu wengine ambao hawakuhusika kabisa na ndoa yake. Nilipendekeza wapigiwe simu na kuelezwa. Kikao kiliona itazua taharuki, na nikanyamaza. Sikupaswa kunyamaza. Watu wale walikuwa na haki ya kujua kuliko sisi tulivyokuwa na haki ya kukaa kwa utulivu, na hadi leo hawajaambiwa.

Bado kuna suala moja ambalo kanuni ya ukurasa mmoja haikulimaliza, nalo ni la watoto. Mzazi ndiye anayesaini fomu ya mwanachama aliye chini ya miaka 18 na ndiye anayelipa kitabu kikipotea, hivyo hawezi kuambiwa kwamba deni halimhusu. Kwa sasa mzazi huelezwa idadi ya vitabu na kiasi anachodaiwa, na akitaka majina ya vitabu mtoto huombwa awepo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alipoelezwa utaratibu huo aliuliza kama kuwepo kwake kunamaanisha kwamba anaweza kukataa. Karani alimjibu kwamba atauliza, na swali hilo liko kwenye ajenda ya kikao kijacho.